Albamu Niliyoiokota Sandukuni

Leo nitawazungumzia albamu moja tu ya muziki, iliyotoka Marekani mwaka 2001, ambayo mimi nilichelewa miaka mingi kuifahamu. Nakiri mapema kwamba haina ngoma hata moja, haichezeki, na imeimbwa kwa Kiingereza. Mkubwa wangu mmoja kazini, aliponisikia nikiitaja katika kikao cha kupanga vipindi, alitikisa kichwa akasema kuwa msikilizaji wa Kiswahili hana haja na vilio vya Wamarekani wa mashambani. Siku ile sikumjibu. Makala haya ndiyo jibu langu, na nyinyi ndio mtakaotuamua.

Ilikuwa zamu ya usiku, majira ya baridi. Maktaba yetu ya sauti ilikuwa ikihamishiwa kwenye kompyuta, na CD zilizoonekana hazina kazi tena ziliwekwa katika sanduku kando ya mlango wa studio, kila apitaye ajichukulie atakayo. Mimi nilikuwa nikitafuta kitu kidogo kabisa: sekunde 20 za gita lisilo na sauti ya mtu, za kuunganisha taarifa ya habari na ripoti ya michezo. Nikaokota CD ya juu juu, nikaiweka mtamboni.

Gita likaanza. Nikangoja lipande kasi, kama tulivyozoea, nalo halikupanda. Ikaingia sauti ya mwanamke, kavu, isiyo na mapambo, kama mtu anayezungumza na nafsi yake jikoni baada ya wageni kuondoka. Nyuma yake sauti ya mwanamume imemganda kama kivuli cha saa sita mchana, kisichoachana na mwili hata kwa nusu hatua. Wimbo ule wa kwanza unazidi dakika sita. Sekunde zangu 20 nilizisahau kabisa, hata fundi mitambo akagonga kioo kunikumbusha kuwa muda wa kwenda hewani umewadia. Ripoti ya michezo ilisomwa usiku ule bila muziki wowote mbele yake, na nadhani hakuna aliyedhurika.

Nieleze kwanza kwa nini jambo hilo lilinishtua. Redio huogopa ukimya. Katika vituo vingi kipo chombo kinachopima sauti inayokwenda hewani. Sauti ikikatika kwa muda fulani, mtambo hujiwashia muziki wa dharura bila kumwuliza mtu. Nasi watangazaji na watayarishaji tumelelewa katika hofu hiyo hiyo: kila pengo lijazwe, msikilizaji asipate nafasi ya kuondoka. Watu hawa wawili, kinyume chake, huliacha pengo wazi. Nyuzi hupigwa, sauti ikafifia hadi karibu na kuzimika, ndipo neno lifuatalo linakuja. Nilikuwa na miaka mingi katika kazi hii, na sikuwa nimejua kwamba pengo nalo laweza kumshika mtu masikio.

Albamu yenyewe inaitwa Time (The Revelator), yaani Wakati, Mfunuaji. Mwimbaji ni Gillian Welch, na mwanamume yule ni David Rawlings. Ingawa jina lililoandikwa juu ya jalada ni la bibi peke yake, wao wenyewe huhesabu kuwa Gillian Welch ni jina la kundi la watu wawili: hutunga pamoja, huimba pamoja, na Rawlings ndiye aliyesimamia kurekodiwa kwa kazi hii. Ala zao ni magita na banjo. Gita la Rawlings lina kisa chake. Ni chombo kidogo cha kampuni ya Epiphone, kilichoundwa mwaka 1935 na kuuzwa kwa bei nafuu, si kwa mabingwa. Sauti yake ni ya puani kidogo, yenye ukali, na ndiyo maana inasikika wazi juu ya gita la mwenzake bila kuhitaji kupigwa kwa nguvu.

Muziki wao Wamarekani huuita Americana. Ni jina la jumla, na mimi silipendi sana, kwa sababu linafunika mambo mengi mno: nyimbo za jadi za milima ya Appalachia, kantri ya zamani, bluzi, na nyimbo za kanisani. Baadhi ya nyimbo za milima ile zilifika na wahamiaji kutoka Uskochi, Ireland na Uingereza. Lakini banjo, ambayo Wamarekani wengi huidhania kuwa alama ya mzungu wa milimani, asili yake ni Afrika. Watu waliotekwa Afrika Magharibi na kuvushwa bahari kuwa watumwa walikwenda na ujuzi wa kuunda chombo cha kibuyu kilichowambwa ngozi, chenye shingo ndefu na uzi mmoja mfupi unaolia pembeni. Huko Senegal na Gambia Wajola hadi leo wanapiga akonting, chombo cha ukoo huo huo. Kwa hiyo banjo inapoanza kutingishika katika wimbo wa pili wa albamu hii, ule uzi mfupi unaorudia rudia ni sauti iliyovuka Atlantiki kwa nguvu, na kwa machungu. Hilo peke yake lingetosha kumwambia mkubwa wangu kwamba muziki huu si wa Wamarekani peke yao.

Sasa tumtazame mwimbaji. Ukimsikia, utaapa kwamba amezaliwa katika kibanda cha mbao milimani, baba mchimba makaa ya mawe na mama mfuma mablanketi. La hasha. Gillian Welch alizaliwa New York mwaka 1967, akachukuliwa tangu uchanga na kulelewa na mume na mke waliokuwa watunzi wa muziki katika ulimwengu wa burudani. Walikitungia muziki kipindi maarufu cha televisheni cha Carol Burnett. Akakulia Los Angeles, mjini kabisa. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Santa Cruz, California, pale mtu waliyeishi naye nyumba moja alipocheza santuri ya ndugu wawili wa Virginia, Carter na Ralph Stanley. Akazisikia zile sauti mbili zimefungamana, na maisha yake yakageuka. Baadaye akaenda Boston, kwenye chuo cha muziki cha Berklee, ndiko alikokutana na Rawlings, na mwaka 1992 akahamia Nashville, katika jimbo la Tennessee.

Kwa hiyo yeye naye aliokota, kama nilivyookota mimi.

Albamu yake ya kwanza ilipotoka mwaka 1996, wapo wahakiki waliomkaripia. Walisema huyu binti wa Los Angeles ana haki gani ya kuimba habari za wapika pombe haramu na wakulima waliofilisika, maisha ambayo hakuyaishi? Ni swali zito, na sitaki kulipuuza. Sisi tunaoishi mbali na kwetu tunalijua kwa namna yetu. Mtoto aliyezaliwa Minneapolis au Birmingham akisema Kiswahili chake cha kujifunza, hukosi mtu wa kumcheka kwamba anasema kama kitabu. Na mwenyewe niliyetoka miaka mingi, nikirudi likizo, naambiwa Kiswahili changu kimekuwa cha redioni. Je, kitu ni cha aliyezaliwa nacho tu, au hata cha aliyekihangaikia?

Mimi jibu langu nalitoa Unguja. Inasimuliwa kwamba taarabu iliingia katika jumba la Sultani Barghash kutoka Misri, na kwamba Sultani alimpeleka Cairo Mohamed Ibrahim akajifunze kupiga ala. Ulikuwa muziki wa kigeni, ukiimbwa kwa Kiarabu, mbele ya wakubwa. Kisha akaja Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliyezaliwa na wazazi waliokuwa watumwa, akauimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Nani leo atathubutu kusema taarabu si yetu? Wahenga wana neno: mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kule Marekani ndivyo ilivyotokea. Mwaka 2000 ilitoka filamu O Brother, Where Art Thou?, na Welch alikuwa miongoni mwa walioimba na kusaidia kutayarisha muziki wake. Albamu ya filamu hiyo, iliyojaa nyimbo kuukuu ambazo redio za kibiashara hazikutaka kuzisikia, iliuzwa kwa mamilioni na mwaka 2002 ikatwaa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Wazee waliokuwa wamesahauliwa wakaitwa tena jukwaani, na miongoni mwao alikuwemo Ralph Stanley mwenyewe.

Mtu mwingine angeyafuata mafanikio hayo kwa kutengeneza kitu kikubwa zaidi, chenye vinanda na waimbaji wengi. Welch na Rawlings walifanya kinyume. Waliingia katika studio kongwe ya Nashville iitwayo RCA Studio B, iliyofunguliwa mwaka 1957, wakaketi mbele ya vipaza sauti, wawili tu. Nyimbo tisa kati ya kumi zilirekodiwa humo. Mmoja ulinaswa jukwaani katika ukumbi wa Ryman, mji huo huo. Studio B ndiko Elvis Presley alikorekodi zaidi ya nyimbo 200. Nao wakautia humo wimbo unaomkumbuka Elvis, aliyefariki mwaka 1977, wakiuimba kwa upole kama watu waliokwenda kumhani marehemu nyumbani kwake. Nilipokuja kulijua hilo niliusikiliza tena, nikajikuta naisikiliza chumba zaidi ya sauti.

Lakini kitovu cha albamu, kwa maoni yangu, ni tarehe 14 Aprili. Ziko nyimbo mbili juu ya tarehe hiyo, zimewekwa mbali mbali kidogo, kama mtu aliyeanza kisa, akanyamaza, kisha akakirudia. Tarehe 14 Aprili 1865 Rais Abraham Lincoln alipigwa risasi akiwa katika jumba la michezo ya kuigiza mjini Washington. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli ya Titanic iligonga mlima wa barafu, na watu wapatao 1,500 wakaangamia. Tarehe 14 Aprili 1935, siku ambayo Wamarekani huiita Jumapili Nyeusi, dhoruba ya vumbi iliyafunika majimbo ya nyikani, Oklahoma, Kansas na kaskazini mwa Texas, mchana ukageuka usiku.

Hiyo ya tatu ndiyo niliyoisoma zaidi, maana haikuwa ajali tu. Kwa miaka mingi wakulima walikuwa wamezilima nyika zile kwa pupa ili kupanda ngano, wakang'oa majani ambayo mizizi yake ndiyo iliyoushikilia udongo. Ukame ulipokuja mwanzoni mwa miaka ya 1930, hapakuwa na kitu cha kuuzuia udongo usiruke. Familia nyingi zilifunga virago zikaelekea California, ambako zilipokewa kwa dharau, kama wakimbizi wanavyopokewa popote. Mwimbaji Woody Guthrie, aliyekuwa akiishi Pampa, Texas, aliiona dhoruba ile kwa macho yake na akaitungia wimbo.

Welch anazisuka habari hizo tatu pamoja, kisha katikati yake anaweka jambo dogo kabisa: bendi changa ya vijana, wamesafiri mbali kwa gari bovu, wanapiga muziki mahali ambapo hakuna anayejali. Hasemi kwamba mambo hayo ni sawa. Anayapanga tu, moja kando ya lingine, na kukuachia. Mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Mara ya tatu nikaelewa kwamba siku ya maangamizi kwa wengine ni siku ya kawaida kwa mwingine, na wote wanaishi chini ya jua lile lile. Sisi tunaosoma taarifa za habari usiku, kisha tukapanda basi kurudi kulala, tunalifahamu hilo kuliko tunavyopenda kukiri.

Hapa sasa nafika kwenye hoja yangu kwa mkubwa wangu. Kwamba wakati hufunua yaliyofichika, kwamba majumba huanguka na walioyajenga husahauliwa, hayo Mswahili hakusubiri kuambiwa na Mmarekani. Mwanzoni mwa karne ya 19 Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akiyatazama magofu ya Pate: majumba yaliyokuwa na taa na mazulia, sasa makao ya popo na ndege. Na neno lenyewe, inkishafi, maana yake ni kufunuka. Wala simaanishi kwamba bibi huyu amewahi kuusikia utenzi ule, wala kwamba mambo yao ni mamoja. Sayyid Abdalla aliihutubia nafsi yake iogope Akhera, na Welch hahubiri dini yoyote. Nasema tu kwamba sikio lililozoea tenzi lina mahali pa kuupokea muziki huu. Watu waliokaa barazani Lamu wakasikiliza beti kwa mamia, sauti moja, mwendo mmoja, hawahitaji kubembelezwa kwa ngoma.

Kuna wimbo wa tisa. Nao ndio ulionitia haya.

Unaitwa Everything Is Free, yaani kila kitu ni bure. Mwaka 1999 ilizuka huduma ya intaneti iitwayo Napster, iliyowawezesha watu kubadilishana nyimbo bila kumlipa yeyote, na mamilioni wakaikimbilia. Amri ya mahakama iliifunga Julai 2001, mwezi ule ule ambao albamu hii ilitoka. Wimbo unazungumza kwa niaba ya mwanamuziki anayetambua kwamba watu wamegundua njia ya kuipata kazi yake bila malipo, na kwamba wanajua ataimba tu, hata asipolipwa, kwa sababu hawezi kuacha. Hauna hasira. Unaimbwa pole pole, karibu kwa kunong'ona, na mtungaji anajipima kama arudi kwenye kazi za kawaida na kuimba nyumbani kwake tu.

Nilikuwa nimekaa na CD ya bure, niliyoiokota sandukuni.

Napster ilikufa, lakini tatizo halikufa. Leo muziki unasikilizwa kwa huduma za intaneti zinazomlipa msanii sehemu ndogo mno ya senti kwa kila wimbo, na waimbaji wa kizazi kipya, kama Phoebe Bridgers na Courtney Barnett, wameuimba upya wimbo huu kana kwamba ulitungwa jana. Na sisi? Nani miongoni mwetu hajapita Kariakoo au River Road akajaziwa nyimbo mia kwenye simu kwa bei ya chai na maandazi? Muuzaji wa kibanda alipata chake. Aliyetunga hakupata kitu, na pengine alikuwa akipita barabara ile ile kwa miguu. Mimi sina dawa ya jambo hili. Nililofanya ni dogo: asubuhi ile, zamu ilipokwisha, niliingia dukani nikanunua albamu ile ile, mpya, kwa fedha yangu. Fundi mitambo aliniuliza kama nimepungukiwa akili. Ile ya sandukuni nilimpa yeye.

Welch na Rawlings wenyewe waliamua kujitegemea. Albamu hii ilikuwa ya kwanza kutoka chini ya kampuni yao, Acony Records, yenye jina la ua dogo la milimani. Ilipendekezwa kwa Grammy ya albamu bora ya muziki wa jadi wa kisasa, ikashindwa na ya Bob Dylan, na kushindwa na Dylan si aibu. Baadaye walinunua studio yao Nashville, iitwayo Woodland. Mwezi Machi 2020 kimbunga kilipita usiku na kuezua paa la studio hiyo, nao wakakesha gizani wakiokoa kanda zao za miaka mingi zisiharibiwe na mvua. Walikarabati, wakaendelea, na albamu yao ya mwaka 2024 wakaipa jina la jengo hilo hilo. Hiyo nayo ikapata Grammy mwaka 2025. Watu waliojiuliza mwaka 2001 kama kuna haja ya kuendelea, bado wanaimba.

Muda wangu unakwisha, nami nimebakiwa na wimbo wa kumi. Una dakika zaidi ya 14, una beti nyingi na kiitikio kinachorudi na kurudi, na mwendo wake ni wa mtu anayetembea barabarani usiku bila haraka ya kufika. Kuupiga wote hewani siruhusiwi. Nimeomba dakika 14, nikapewa tatu. Nimemwomba fundi mitambo asiufifishe mapema na asizungumze mtu juu yake, na kile chombo chetu cha kupima ukimya tumekipa taarifa.

Mtasikia magita mawili. Lile la chini, la mwendo mmoja, ni la Gillian Welch. Lile dogo la mwaka 1935, linalochelewa kidogo, ni la Rawlings.